Umewekwa kwenye orodha ya kusubiri ya uzamivu: la kufanya mpaka Aprili 15, na baada yake

Baruapepe yenyewe huwa fupi. Inakushukuru kwa kuomba, inakusifu kidogo, kisha inasema kamati ya udahili haiwezi kukupa nafasi kwa sasa, ila imekuweka kwenye orodha ya kusubiri na itakujulisha mambo yakibadilika. Haisemi wewe ni wa ngapi. Haisemi usubiri mpaka lini. Ukimaliza kuisoma hujui ushangilie au ulie, na mtu wa kwanza kukuuliza "vipi, umepata?" hujui umjibu nini.

Mwongozo huu ni wa aliyeomba shahada ya uzamivu yenye ufadhili katika chuo cha Marekani, akiwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bukavu au popote huku kwetu. Nimechagua Marekani kwa sababu huko orodha ya kusubiri ina kalenda inayojulikana, na anayeielewa kalenda hiyo husubiri kwa akili iliyotulia zaidi. Walioko kwenye orodha za akiba za ufadhili wa Erasmus Mundus (wa Umoja wa Ulaya) au Chevening (wa serikali ya Uingereza) nao watakuta mengi ya kuwafaa.

Niseme mapema ninachokiamini. Kuwekwa kwenye orodha maana yake kamati imesoma maombi yako na imeridhika kwamba unaweza kazi. Kilichokosekana ni fedha au nafasi. Kwa hiyo yako ni mambo mawili: kufanya machache yaliyo mikononi mwako kwa usahihi, na kujipatia njia ya pili unayoweza kuishi nayo. Wengi hulifanya la kwanza kwa bidii na kulisahau la pili, kisha Mei inawakuta hawana chuo, hawana kazi, na pasipoti haijaombwa.

Hatua ya 1: Isome barua upya, safari hii ukiwa na kalamu

Siku ya kwanza macho hutafuta neno moja tu, "hongera" au "tunasikitika". Rudi siku ya pili na usome kila sentensi. Tafuta kama kuna kitu unachotakiwa kufanya. Baadhi ya idara hukutaka uthibitishe, ndani ya akaunti yako ya maombi au kwa kujibu barua, kwamba unataka kubaki kwenye orodha, na hutoa tarehe. Usipothibitisha, jina lako huondolewa bila neno jingine. Fungua na akaunti yenyewe, maana mara nyingine barua huwa na sentensi tatu na maelezo yote yako kule.

Kisha hakikisha kweli ni orodha ya kusubiri. Kuna barua tatu zinazofanana nayo. Ya kwanza inasema umekubaliwa lakini bila ufadhili. Hiyo ni kukubaliwa, na ni hatari kuliko inavyoonekana; nitairudia. Ya pili inasema hukupata uzamivu ila unakaribishwa kwenye uzamili, na karibu kila mara ni uzamili wa kujilipia. Ya tatu ni kimya: wenzako wameshajibiwa, wewe bado. Kimya mwezi Machi huenda kikawa orodha isiyotangazwa, kwa sababu zipo idara ambazo hazimwandikii mtu yeyote mpaka zijue walioitwa kwanza wamejibu nini. Katika hali hiyo unaruhusiwa kuuliza kwa adabu maombi yako yamefikia wapi.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini orodha husogea, na lini

Idara za Marekani huanza na hesabu ya fedha. Mwanafunzi wa uzamivu hulipiwa ada na kupewa posho, mara nyingi pamoja na bima ya afya, kwa miaka minne au mitano, naye hufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya utafiti chini ya profesa. Chukulia idara yenye fedha za wanafunzi wanane. Inajua kwa uzoefu kwamba si kila anayeitwa atakuja, kwa hiyo inaita kumi na watatu au kumi na wanne. Wakikubali wachache kuliko ilivyotarajia, inageukia orodha. Wakikubali wengi, orodha haiguswi mwaka huo, hata kama aliye juu yake ana uwezo kuliko nusu ya walioitwa. Ndiyo maana haifai kujipima thamani kwa matokeo ya orodha. Yanategemea uamuzi wa watu usiowajua, walioko Boston au Michigan, ambao wenyewe hawajui kwamba upo.

Watu hao huamua lini? Council of Graduate Schools, baraza linalounganisha shule za uzamili na uzamivu za Marekani, lina makubaliano yaliyotiwa saini na vyuo vingi sana: mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kutoa jibu kabla ya Aprili 15. Mwenye barua tano za kukubaliwa atakwenda chuo kimoja, lakini zile nafasi nyingine nne anaweza kuzishika mpaka siku hiyo, kama abiria aliyetandaza leso kwenye viti vya basi. Wengi huamua baada ya kuvitembelea vyuo mwezi Machi, na wengi zaidi huamua wiki ya mwisho. Basi usishangae Machi nzima ikipita kimya. Kusogea kwenyewe hutokea hasa katika wiki inayoishia Aprili 15 na siku chache zinazofuata.

(Na kama wewe mwenyewe una nafasi mahali ambapo unajua kabisa hutakwenda, iachie leo. Huhitaji kungoja. Kuna mtu kwenye orodha ya chuo hicho, huenda ni wa Morogoro au Eldoret, anayelala na simu mkononi.)

Jambo jingine ambalo barua hazielezi: orodha nyingi hazina namba moja mpaka ya mwisho. Zimegawanywa kwa fani, au kwa profesa. Aliyeomba kusoma ikolojia ya samaki hawezi kuchukua nafasi iliyoachwa na mtu wa jenetiki ya mimea, hata kama ndiye anayefuata kwa alama, kwa sababu fedha na msimamizi ni wa maabara nyingine. Kwa hiyo swali "mimi ni wa ngapi?" mara nyingi halina jibu, na mratibu anapokuambia hivyo hakufichi kitu.

Fedha zenyewe pia hazitabiriki. Mwaka 2025, serikali kuu ya Marekani ilipokata na kusitisha fedha za utafiti, vyuo kadhaa vilipunguza wanafunzi wapya wa uzamivu, na vingine vikafuta hata barua zilizokwisha kutolewa. Katika mwaka wa namna hiyo orodha inaweza isisogee kabisa.

Hatua ya 3: Uliza maswali yako yote kwa pamoja, kwa mtu sahihi

Mtu sahihi ni mratibu wa programu ya uzamivu katika idara, yule ambaye jina lake liko chini ya barua au kwenye ukurasa wa idara. Ofisi kuu ya udahili ya chuo mara nyingi haijui mengi kuhusu orodha ya idara. Usimfuate profesa kwenye mitandao ya kijamii.

Andika baruapepe moja fupi. Kwetu tumezoea kuanza na salamu ndefu, kumtakia mtu afya njema na kumwombea familia yake. Mratibu anayepokea barua mia kwa siku atathamini zaidi ukimshukuru kwa sentensi moja na kuuliza. Kichwa cha barua kiwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye maombi, pamoja na namba ya maombi. Muite Daktari au Profesa kama ana cheo hicho, hata kama yeye ametia saini kwa jina la kwanza.

Ya kuuliza ni haya. Je, orodha imepangwa kwa fani au kwa msimamizi? Nafasi ikipatikana, itakuja na ufadhili kamili kama wa walioitwa kwanza? Je, kamati inapokea taarifa mpya kutoka kwa walio kwenye orodha? Na ikitokea nafasi, nitapewa muda gani wa kujibu? Unaweza kuongeza la tano: miaka iliyopita walichukua wangapi kutoka kwenye orodha? Wapo watakaojibu waziwazi, wapo watakaokwepa. Idara ikikuambia kwamba kwa miaka mitatu haijamchukua hata mmoja, imekufanyia wema mkubwa; panga maisha yako kulingana na jibu hilo.

Wasipojibu, ngoja siku kumi za kazi, kisha kumbusha mara moja. Zaidi ya hapo ni kujichosha.

Hapa nitoe onyo. Zikifika wiki hizi, hujitokeza mawakala wanaosema wana mtu ndani ya chuo anayeweza kulipandisha jina lako. Hakuna kitu kama hicho. Uamuzi hufanywa na kamati ya maprofesa wa idara, na fedha utakayompa wakala itaishia mfukoni mwake. Ukihitaji ushauri wa bure, tafuta washauri wa EducationUSA, mtandao unaofadhiliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Hatua ya 4: Andika barua moja nzuri ya kuthibitisha nia

Mratibu akisema taarifa mpya zinapokelewa, andika. Mwenyekiti wa kamati, ikifika Aprili na nafasi moja imeachwa, ana majina mawili au matatu yanayolingana mbele yake. Anachotaka kujua ni nani atakayesema ndiyo haraka, maana hana muda wa kumbembeleza mtu siku tano kisha akakataliwa. Barua yako inajibu hilo, na inampa jambo moja jipya la kuwaambia wenzake. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini mfumo wake ni huu:

*Profesa (jina la ukoo), nashukuru kwa kunijulisha kwamba nimo kwenye orodha ya kusubiri ya programu ya uzamivu ya afya ya jamii. Bado naitaka nafasi hii, na ikipatikana yenye ufadhili kamili nitaikubali. Tangu nilipotuma maombi mwezi Desemba, mambo mawili yamebadilika. Makala niliyoitaja kama rasimu sasa imekubaliwa kuchapishwa, nimeiambatisha. Pia tumemaliza kukusanya takwimu za malaria katika kata nne za Muheza, na mimi ndiye ninayefanya uchambuzi. Limejitokeza swali ambalo sikuwa nalo Desemba: kwa nini kaya zenye vyandarua vya kutosha huacha kuvitumia miezi ya joto. Naona linakaribiana na kazi ya Profesa (jina) katika idara yenu. Niko tayari kwa mazungumzo ya video saa yoyote ya kazi ya huko. Namba yangu ya maombi ni (namba).*

Tazama kilichomo. Nia imesemwa kwa sentensi moja bila kulia. Habari mpya ni mbili, zote zinathibitika. Swali la utafiti limesogea, jambo linaloonyesha kwamba mtu huyu hakuacha kufanya kazi akingoja majibu. Hakuna maelezo ya umaskini wa kwao, hakuna ndoto ya utotoni. Hayo, kama yalihitajika, yalikwisha kuandikwa kwenye maombi.

Maneno "nitaikubali" yaandikie chuo kimoja tu, kile unachomaanisha. Maprofesa wa fani moja wanajuana, wanakutana kwenye mikutano, wanasoma kazi za wanafunzi wao kwa wao. Kwa vyuo vingine andika "bado ninavutiwa sana na programu yenu", nayo ni kweli.

Kama huna habari mpya, usiibuni. Barua ya sentensi nne inayothibitisha nia inatosha. Na usitume barua ya tatu na ya nne ya mapendekezo bila kuombwa. Kamati iliyosoma mapendekezo matatu haihitaji la mchungaji wala la mheshimiwa mbunge. Kinachoweza kusaidia ni mwalimu wako aliyekusimamia, ikiwa anamfahamu mtu ndani ya idara ile, kumwandikia mistari miwili. Mwendee kwa heshima: "Mwalimu, nimewekwa kwenye orodha. Kama unaona inafaa, naomba unisemee neno kwa Profesa fulani." Akiona haifai, liache hapo.

Tuma barua hiyo kuanzia katikati ya Machi. Kati ya Aprili 8 na 10 unaweza kutuma mistari miwili kukumbusha kwamba bado upo na jibu lako ni lilelile.

Hatua ya 5: Jenga njia ya pili, na uitie saini

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Njia ya pili isiyo na karatasi ni matumaini tu, kwa hiyo ifikishe mahali ambapo kuna barua, mkataba au tarehe.

Kama umekubaliwa na chuo kingine chenye ufadhili, hata kama kilikuwa cha tatu moyoni mwako, kikubali kabla ya Aprili 15 kumalizika. Usiiache nafasi ya uhakika kwa kungojea isiyo ya uhakika. Makubaliano yale niliyoyataja yanakuruhusu kujiondoa kwa maandishi mpaka siku hiyohiyo. Ukiitwa na chuo cha orodha baada ya hapo, kabla ya kusema ndiyo kiandikie kwanza chuo ulichokikubali, ueleze na uombe kuachiliwa.

Kama huna nafasi nyingine, angalia milango ambayo bado haijafungwa. Vyuo vingi vya Ujerumani hupokea maombi ya uzamili ya muhula unaoanza Oktoba mpaka Mei au Julai. Vyuo vya umma vya huko kwa kawaida havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni akaunti maalumu ya kujikimu inayodaiwa kwa ajili ya viza, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kabla ya kujipa moyo.

Usipite juu ya vyuo vya hapahapa kana kwamba ni adhabu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inatoa uzamili na uzamivu wa sayansi na teknolojia. Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika, kina taasisi yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, Kenya, na hutangaza nafasi za ufadhili kwa vijana wa Afrika nzima. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati, kupitia kituo chake cha Kigali huchukua wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya hisabati. Vyuo vikuu vya SUA (Sokoine, Morogoro), Muhimbili, Makerere na Nairobi vina miradi ya pamoja na vyuo vya nje, na mradi wa namna hiyo mara nyingi huwa na nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Kuna watafiti wetu wanaoheshimika duniani ambao hawakuondoka mpaka walipokuwa na kazi ya kuonyesha.

Njia ya pili inaweza pia kuwa kazi. Mwaka mmoja kama msaidizi wa utafiti katika vituo vya utafiti wa afya vya Ifakara au Kilifi, mahali ambapo takwimu zinakusanywa na makala zinaandikwa, hubadilisha maombi ya mwaka unaofuata kuliko kozi yoyote ya kujiandaa na mtihani. Na kama uko kazini sasa, usiandike barua ya kuacha kazi. Mtumishi wa umma anza kuulizia utaratibu wa ruhusa ya masomo kimyakimya, ili ujue fomu ziko wapi na nani anasaini.

Hatua ya 6: Andaa karatasi kana kwamba utaitwa

Anayeitwa Aprili 17 ana miezi minne kabla ya masomo kuanza Agosti. Inatosha kwa aliyejiandaa. Pasipoti iwe mkononi. Nakala ya matokeo rasmi iwe imeshatolewa na chuo chako, maana sote tunajua dirisha la mitihani linavyokwenda. Jina kwenye vyeti, pasipoti na maombi liwe moja. Kama cheti cha kidato cha nne kina jina la babu na pasipoti haina, anza kutafuta hati ya kiapo sasa.

Ukikubaliwa, chuo kitakutumia fomu ya I-20, ambayo ndiyo unayoombea viza ya mwanafunzi. Ndipo utalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, kujaza fomu ya DS-160 ya kuombea viza na kulipa ada ya maombi ya viza, dola 185. Ada hizi hubadilika, kwa hiyo zihakikishe kwenye tovuti ya ubalozi. Fedha hizi utazihitaji kabla posho yako ya kwanza haijatoka, na hapo bado hujagusa tiketi wala kodi ya mwezi wa kwanza.

Jambo zito zaidi ni uraia. Amri za rais wa Marekani za mwaka 2025 zilibana viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa: Burundi iliwekwa humo mwezi Juni, na Tanzania ikaongezwa Desemba. Soma hali ilivyo siku unayosoma mwongozo huu, kisha muulize mratibu kama idara inaweza kuisogeza nafasi mpaka muhula mwingine iwapo viza itakwama. Anayetoka kwenye orodha huwa na nguvu ndogo ya kuomba kusogezewa, lakini swali likiulizwa mapema linaeleweka.

Hatua ya 7: Wiki ya Aprili 15

Jua saa zao. Mwezi Aprili, pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa saba na pwani ya magharibi kwa saa kumi. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Dar na Nairobi ni saa kumi jioni. Ikifungwa saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa sita usiku. Ofisi ya California hufungwa kwetu ikiwa saa tisa usiku. Walioko Bukavu, Kigali na Bujumbura warudishe saa moja nyuma. Basi asubuhi yote ya kwetu hakuna barua itakayoandikwa, na huna sababu ya kufungua simu kila dakika tano. Fanya kazi yako mchana. Jioni hakikisha bando lipo, simu ina chaji, na angalia hata folda ya barua taka.

Ukiitwa, huenda ukapewa siku mbili, pengine saa chache. Kabla ya kujibu, taka haya kwa maandishi: ufadhili ni wa miaka mingapi, posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili, bima ya afya imo au la, kuna ada ndogondogo ambazo mwanafunzi hujilipia, na msimamizi wako ni nani. Posho ya miezi tisa maana yake kuanzia Juni mpaka Agosti ujue utakula nini, kwa viza ambayo kwa kawaida hairuhusu kufanya kazi nje ya chuo.

Ikiwa wanakuita bila ufadhili, jibu langu ni fupi: usikubali uzamivu wa kujilipia. I-20 haitoki bila kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza, na fedha hizo kwa familia nyingi zetu ni shamba, nyumba na mkopo wa SACCOS kwa pamoja. Mwaka wa pili utakuja na bili ileile. Uliza kama kuna uwezekano wa kupata kazi ya kufundisha idarani, upewe jibu kwa maandishi. Kama hakuna, shukuru na uache.

Hatua ya 8: Nyumbani na moyoni

Waambie watu wachache, na uwaambie sawasawa. Kwa mzazi inatosha: "Mama, sijakataliwa, ila bado sijapata. Nitajua katikati ya Aprili." Ukisema tu "wameniweka kwenye orodha", kesho yake kanisani au msikitini watu watakupongeza, na mjomba ataanza kupanga kikao cha michango. Ombea na uombewe, lakini michango isianze mpaka barua yenye ufadhili iwe mkononi. Anayekuuliza kila wiki mpe tarehe: "Niulize Aprili 20." Inasaidia kuliko kukwepa simu zake.

Kwa upande wako, pale kwenye usingizi ndipo pa kuangalia. Kukosa usingizi siku mbili baada ya barua ni kawaida. Ukikosa kwa wiki kadhaa, ukaacha kula na kuona watu, nenda ukaongee na daktari au mshauri wa chuo chako. Pia jiondoe kwenye makundi ambamo wenzako hutangaza nafasi zao kila siku. Utawapongeza baadaye, kwa moyo mweupe.

Hatua ya 9: Aprili 16 na kuendelea

Ngoja mpaka mwisho wa Aprili, kisha uulize kama orodha imefungwa. Baadhi ya idara huita mtu hata Mei, aliyekubali akikosa viza au akibadili nia, lakini ni nadra, na usipange mwaka kwa ajili ya hilo. Wakisema imefungwa, shukuru na uombe jambo moja: ni sehemu gani ya maombi ingefaa kuimarishwa? Wengine hawaruhusiwi kujibu. Atakayekujibu amekupa kitu ambacho hakinunuliki.

Hifadhi kila kitu kwenye folda moja: maelezo ya malengo, barua ya kuthibitisha nia, majibu ya waratibu. Angalia tarehe za mitihani yako. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hutumika kwa miaka miwili, ya GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili na uzamivu, kwa miaka mitano, na idara nyingi zimeacha kabisa kuidai GRE. Ukiomba tena pale ulipowekwa kwenye orodha, sema hivyo waziwazi kwenye maombi mapya na ueleze ulichofanya katika mwaka uliopita.

Walimu waliokuandikia mapendekezo wapelekee habari wewe mwenyewe, hata kama jibu ni hapana. Kisha mwishoni mwa Agosti rudi kwao na makala, takwimu au ripoti ya kazi uliyofanya, ili wawe na kitu kipya cha kuandika kabla akaunti za maombi hazijafunguliwa Septemba.